Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: dada zetu wanakwama mlangoni

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga na mawaziri wake, kwa Meya wa mji, kwa wakubwa wa komini zetu zote saba, zile sehemu za utawala za mji, na kwa ninyi mnaoajiri watu katika makampuni, mabenki, mahoteli na maduka ya mji huu.

Jambo yenu, wakubwa wetu.

Ninawaandikia kutoka komini ya Katuba, mezani kwa cherehani yangu. Mimi ni mshonaji. Kwa zaidi ya miaka 30 nimewapima wanawake wa mji huu mabega na viuno: maharusi, walimu, wajane, mama wa kwaya. Sina cheo wala sikuja kuomba cheo. Nimekuja kuwaeleza jambo linalotokea kwenye milango ya ofisi zenu, ambalo ninyi mlio ndani hamlioni kwa sababu linaishia nje.

Novemba iliyopita, mvua zikiwa ndiyo zinaanza, binti wa jirani yangu alipigiwa simu saa moja ya usiku. Kampuni moja ya hapa mjini ilimtaka afike kesho yake saa moja na nusu asubuhi kwa mahojiano ya kazi ya hesabu. Binti huyu ana diploma ya serikali, upande wa biashara, na amefanya staji, yaani mazoezi ya kazi, mara mbili bila kulipwa hata nauli. Alikuwa na blauzi moja nyeupe, ya kanisani. Umeme haukuwako usiku ule, akainyoosha kwa pasi ya makaa. Wanaozijua pasi hizi wanajua kwamba ukiipuliza kabla ya kuikung'uta majivu, cheche inaruka. Cheche ikaangukia karibu na kifungo cha pili, ikaacha tobo la ukubwa wa punje ya mahindi.

Akaivaa hivyo hivyo, akafunika kwa kitambaa cha shingoni. Alitoka nyumbani na kandambili, viatu vya shangazi yake vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, maana barabara za kwetu mvua ikinyesha ni tope jekundu mpaka kwenye vifundo. Kule mlangoni, kabla hajavibadili, mlinzi alimtazama miguu akamwambia: “Bale ba kusafisha banapita kule nyuma.” Akajieleza. Akaambiwa angoje. Aliporuhusiwa kuingia, jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa na kupita.

Alikuja kwangu mchana. Hakulia. Alitandaza blauzi juu ya meza, akaniuliza: “Mama, hii tobo inaweza kuzibwa?”

Tobo nililiziba kwa dakika kumi. Usiku nikafungua kabati. Kila mshonaji ana nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: aliyehama, aliyefiwa, aliyepungukiwa na pesa za kumalizia. Nilikuwa nazo sketi nne, blauzi tano, na koti moja la buluu lililokaa humo miaka sita. Nikazifua zote. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwaazima dada zetu nguo za kwendea mahojiano, na leo tuko watatu: mimi, mwalimu mstaafu, na mama mmoja aliyekuwa sekretari wa ofisi kwa miaka mingi.

Makoti tunayatoa soko la komini ya Kenya, hapa hapa mjini, kwenye baloti za mitumba, alfajiri baloti zinapofunguliwa. Koti la baloti limetoka nchi ya baridi na lina mabega ya mtu mwingine. Ninafumua mikono yote miwili, ninatoa sponji za begani, ninakata bega sentimita mbili au tatu, ninaingiza ubavu, kisha ninarudisha bitana kwa sindano ya mkono, kwa sababu mashine huifanya ikunjamane. Kazi ya siku nzima na nusu. Mtu akilivaa, lile koti halionekani tena kama la kuazima. Hapo dada anajitazama kwenye kioo, anajishika kola, na huwa ananyamaza kidogo. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara mimi pia ninanyamaza.

Asidhani mtu kwamba tunawavisha wote kizungu. Tunazo pia sketi za kitenge na koti lake, zilizoshonwa vizuri, na kuna ofisi ambako zinapendeza kuliko suti nyeusi. Anayekwenda kuomba kazi ya hoteli havai kama anayekwenda kuomba kufundisha. Anayekwenda mgodini tunamwambia avae suruali na viatu vya kufunga, kwa kuwa huko wanaweza kumtembeza kiwandani siku hiyo hiyo. Kofia na buti za usalama ni juu ya mwajiri kumpa, ila hakuna anayepewa buti kabla ya kupita mezani.

Na meza ndiyo ngumu kuliko nguo. Huyu mama sekretari huketi upande mmoja na daftari, binti upande wa pili, mlango umefungwa, simu zimezimwa. Anamuuliza swali lile la kwanza la kila mahojiano: jieleze, wewe ni nani? Karibu wote wanaanza vilevile. Mimi ni mtoto wa fulani, baba yangu ametoka Kasenga au Kamina au Kasaï, sisi tuko saba nyumbani, mimi ni wa tatu. Ndivyo tulivyowalea, na mbele ya wazee ndilo jibu la heshima. Lakini mwajiri anahesabu dakika, na mpaka binti afike kwenye diploma yake, yule bwana ameshaangalia saa mara mbili. Tunawafundisha kuanza na kazi wanayoijua, halafu baba na mama wafuate wakiulizwa. Tena kuna macho. Binti aliyelelewa vizuri kwetu hamkazii mkubwa macho, anayashusha. Mezani wanasema anaficha kitu. Ninawaomba ninyi mnaohoji watu mlifikirie hili kabla ya kuandika “hajiamini” kwenye karatasi yake. Nusu ya safari tutaitembea sisi kwa kumfundisha kuinua uso, nusu nyingine ni yenu.

Baada ya miezi kadhaa, mwalimu mwenzetu alituambia kwamba jambo hili lipo kwingine, na limekomaa. Mjini New York, katika miaka ya 1990, mwanafunzi wa sheria aitwaye Nancy Lublin alirithi dola 5,000 kutoka kwa babu wa mzazi wake, akazitumia kuanzisha Dress for Success pamoja na watawa watatu wa Kikatoliki. Leo shirika hilo liko katika miji mingi ya dunia. Mwanamke hupewa nguo moja kamili ya kwendea mahojiano, na akipata kazi anarudi kuchukua nyingine za kuanzia. Uingereza kuna Smart Works: saa moja ya kuvishwa, saa moja ya kufanya mazoezi ya maswali, na nguo anaondoka nazo. Tuliposikia hayo tulicheka kwa furaha, kwa sababu utaratibu wetu ulikuwa umeshafika karibu na huo bila kuujua. Kwetu dada anaazima kwa mahojiano. Akiajiriwa, nguo zinakaa naye mpaka apokee mshahara wa kwanza. Hatuna uwezo wa kumwachia moja kwa moja. Tungetamani.

Wakubwa, mji huu unaijua nguvu ya nguo kuliko miji mingi. Wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, chini ya Mobutu, serikali ilikataza tai, ikaagiza abacost, koti lisilovaliwa na tai, kwa wanaume, na mwanamke aliyetoka barabarani na suruali alikuwa na kesi. Nilikuwa mtoto wa shule, ninakumbuka dada wa jirani akirudi nyumbani mbio kufunga kitenge juu ya suruali yake. Hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyoruhusu vyama vingi, ilipofungua mlango, tai zikarudi, na sisi washonaji tukajifunza upya kukata kola. Serikali iliyoweza kuamua raia avae nini inaweza pia kumsaidia raia asiye na cha kuvaa.

Na kuna la zamani zaidi. Nyanya yangu alijifunza kushona katika kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kwenye nyumba ya mafunzo ya wake za wafanyakazi. Tangu miaka ya 1920 kampuni ile ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke wake ili asikimbie, na chakula kiligawiwa kila juma kufuatana na ukubwa wa familia. Ndiyo maana hapa kwetu mpaka leo kuna wanaoliita juma “posho”. Wanawake walifundishwa sindano, kufua, kupika na kulea. Mume alipewa kazi, mke alipewa sindano. Sindano ile ninaiheshimu, imenilisha. Lakini angalieni ilivyokuwa mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika nyumba nyingi za mji huu na za Likasi na Kolwezi, mama ndiye aliyebaki akilisha watu, kwa sindano hiyo, kwa mikate, kwa mboga, kwa makaa. Mabinti wa mama hao ndio waliosomeshwa kwa pesa za mboga. Sasa wana diploma, wengine wametoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tunawarudisha mlangoni kwa ajili ya tope la miguuni.

Basi niseme ninachoomba.

Kwa wakubwa wa komini: tupeni chumba. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, siku mbili kwa juma, Katuba au Kenya. Nyumbani kwangu dada anabadili nguo nyuma ya pazia, wateja wengine wakisubiri upande huu, na mwalimu anafundisha uani chini ya mti wa avokado. Mvua ikija tunakimbia wote. Hatuombi mshahara. Mkitupa na kioo kirefu tutashukuru.

Kwa komini na kwa serikali ya jimbo, ninaomba mtazame dosye ya kazi, yaani faili la karatasi za kuombea kazi. Barua, CV, nakala ya diploma, karatasi ya mwenendo mwema, cheti cha afya, kadi ya mtafuta kazi, picha za pasipoti. Kila karatasi ina dirisha lake, kila dirisha lina foleni yake, na madirisha mengine yana bei isiyoandikwa mahali popote. Binti asiye na mshahara anatumia pesa nyingi kuthibitisha kwamba hana mshahara. Bandikeni bei halali ukutani, kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Na kwa anayetafuta kazi yake ya kwanza, msamehe zile ambazo ziko mikononi mwenu.

Kwa ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ambao wote wana ofisi hapa mjini: ninyi mna orodha ya watafuta kazi na mna madarasa. Tutumieni mtu mara moja kwa mwezi aketi na dada hawa, awaeleze ni fundi gani wanatafutwa sasa. Mimi ninaweza kumkata binti koti zuri, siwezi kumwambia kama umeme wa magari unalipa kuliko hesabu.

Kwenu mnaoajiri nina maneno zaidi, na naomba mnivumilie.

Mkiita mtu kwenye mahojiano, mpeni siku tatu. Simu ya saa moja usiku kwa ajili ya asubuhi inamchagua yule anayekaa karibu, mwenye umeme na mwenye nguo tayari, na mnadhani mmechagua mwenye akili. Waambieni walinzi wenu kwamba anayefika na viatu mkononi anaweza kuwa ndiye mhasibu wenu. Wekeni bomba la maji na benchi karibu na mlango, ni kitu kidogo. Na yale matangazo yanayodai msichana “anayependeza”, yaandikeni upya. Semeni mnataka nini hasa. Kama ni usafi na lugha nzuri kwa wateja, andikeni hivyo, tutamwandaa.

Acheni pia kumuuliza mwanamke aliyeolewa kama mumewe amekubali. Sheria ya familia ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya mume iliyokuwa inadaiwa zamani imeondolewa. Hata hivyo mwaka huu dada wawili waliopita kwetu waliombwa karatasi ya mume. Wengine huulizwa kama wana mimba au wana mpango wa kuzaa. Sheria ya kazi inampa mama majuma 14 ya likizo ya uzazi na inakataza mimba iwe sababu ya kumfukuza; swali lenu la mlangoni linazunguka sheria hiyo kabla mtu hajaingia.

Na sasa lile ambalo dada wanalisema kwa sauti ndogo, wakati ninawapima, kwa kuwa mimi ni mama yao na mlango umefungwa. Kuna wanaoambiwa kwamba dosye yao ni nzuri, kilichobaki ni “kuja kuongea” jioni, mahali pasipo ofisi. Binti mmoja alinirudishia koti siku mbili kabla ya mahojiano, likiwa limekunjwa vizuri, akasema hatakwenda tena. Sikumuuliza zaidi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono imeuweka usumbufu wa namna hii kuwa kosa la kuadhibiwa kwa kifungo. Wekeni angalau mwanamke mmoja kati ya wanaohoji. Mahojiano yafanyike ofisini na mchana. Na kila kampuni iwe na mahali pa kupeleka malalamiko ambapo hapapitii kwa yule yule anayelalamikiwa. Koti langu halitamkinga mtu na mambo haya, na sitaki kuwa ninawapamba mabinti ili wapelekwe huko.

Wenye migodi nao: sheria ya migodi kama ilivyorekebishwa Machi 2018 inawataka mtoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na miradi yenu. Pesa hizo zinajenga visima, shule, zahanati, na ni vizuri. Pale komini ya Ruashi, ambako mgodi uko jirani na nyumba za watu, kuna wasichana wanaoamka kila siku wakisikia mashine ambazo hawajawahi kuzikaribia. Katika kamati zinazopanga matumizi, wekeni fungu la kuwaandaa kwa kazi: masomo ya jioni, nauli ya mahojiano, nguo ya kwanza. Na mkiwaajiri, agizeni buti za namba zao. Dada mmoja tuliyemvisha alipata kazi ya ghala. Miguu yake ni namba 37. Alipewa buti za 41, akajaza magazeti mbele, akafanya kazi hivyo miezi miwili.

Najua mtakachonijibu, kwa maana hata mume wangu aliniambia: nguo haizalishi kazi, na nafasi ni chache. Ni kweli. Mahali penye nafasi moja na watu mia, koti halitafanya nafasi ziwe mbili. Mimi ninazungumzia ile moja iliyopo, na nani anafika mbele ya meza. Mwanamume akija na shati lililokunjamana husemwa ametoka mbali. Mwanamke akija hivyo husemwa hajitunzi. Tofauti hiyo ndiyo ninayoishona usiku, na peke yangu siimalizi.

Kabati linafunguliwa Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane mchana. Mkuu wa mtaa wetu anapajua, atawaleta. Mkituma mtu, awe mwanamke, aje aketi na dada hawa saa mbili tu, na kama ana kiatu cheusi cha namba 38 au 39 asichokivaa, aje nacho, kwa sababu viatu ndivyo vinavyotusumbua kuliko vyote. Ninaweza kupunguza koti, kiatu siwezi.

Binti wa blauzi bado hajapata kazi. Ana mahojiano mengine Alhamisi ya posho ijayo, na safari hii walimpigia simu siku tano kabla. Atavaa lile koti la buluu. Mabega nimeshayamaliza, imebaki mikono.

Kwa heshima,

Mama mshonaji, Katuba, Lubumbashi